Steinvör, Miaka Arobaini na Moja, na Nyota Iliyotafunwa

Mwanangu Snædís, miezi tisa, ametafuna nyota kwenye kadi ya kamusi sasa hivi! Ni ile alama ndogo tunayoiweka mbele ya neno la kale ambalo hakuna aliyewahi kulikuta limeandikwa. Wataalamu wamelikisia tu kutokana na wajukuu zake, maneno ya leo. Bila nyota, kadi inadai neno limeonekana kwa macho. Steinvör, mwenye kadi, amecheka mpaka miwani ikamtoka. "Afadhali yeye! Mimi nilishawahi kusahau tatu kwa siku moja!" Nimeichapa upya.

Huyo ndiye tunayemuaga. Steinvör anastaafu leo, tarehe 31 Mei, baada ya miaka arobaini na moja katika ofisi yetu ya kamusi hapa Akureyri. Alianza kwa kupanga kadi, akaishia mhariri. Mimi mchapaji alinifundisha sarufi kwa kahawa na maandazi. Katika lugha yetu mtoto ni *barn*, watoto ni *börn*, kwa sababu zamani mwishoni palikuwa na *u*. Ilikufa, lakini iliiacha *a* imeshageuka kuwa *ö*. "Kama mama mkwe," alisema. "Kaondoka, lakini mapazia kayabadilisha!"

Kadi yake ya mwisho ni ya babu wa neno hilo, *\*barną*. Jinsi yake si ya kike wala ya kiume, kama mimba changa. Limetoka kwenye kitenzi *\*beraną*, kubeba na pia kuzaa. Torfi, mkuu wetu, alitaka tuandike "aliyezaliwa", basi. Steinvör alitaka "aliyebebwa" itangulie. Bila saini ya Torfi kabla ya saa sita leo, kadi isingeingia kitabuni, naye angeondoka ameacha pengo.

"Torfi, kuzaa ni siku moja!"

"Sarufi haihesabu siku, mama wee."

Wakanigeukia, mtoto kiunoni. Nikasema, "Mimi kuzaa nilishamaliza. Kubeba bado."

Torfi akajikuna kipara. "Haya, mmeniweza." Akatia saini zikiwa zimebaki dakika nne, na Steinvör akakibusu kipara chenyewe!

Asante, Steinvör, kwa kutuvumilia sisi tusiosoma sana. Tunakuombea afya, bwawa la maji moto kila asubuhi, na mtu akikuuliza ulikuwa unafanya kazi gani, mwambie bila haya kwamba neno la mtoto ulilibeba... Torfi ananiita, watu wa kiwanda cha vitabu wamefika kuchukua kadi, naja!