Kinyozi Aliyemshukuru Mungu kwa Visogo vya Watu

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 12 Machi 1947, akiwa mtoto wa nne wa fundi seremala na mshona nguo. Bibi alitusimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kusema, na aliposema, neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba, bali "ona". Bibi hakulifurahia sana jambo hilo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955. Walimu walimpenda, ila walilalamika kwamba macho yake hayatoki dirishani. Siku moja mwalimu wa hesabu alimsimamisha akamuuliza, "Unatafuta nini huko nje?" Akajibu, "Mwalimu, mvua inanyesha nusu ya uwanja tu." Mwalimu akaenda dirishani kutazama, na darasa zima likamfuata. Kisha akamchapa. Kila aliposimulia habari hiyo, Baba alimtetea mwalimu wake: "Lakini alitazama kwanza."

Alimaliza masomo mwaka 1963, akajifunza kunyoa kwa mjomba wake, na mwaka 1971 akafungua saluni yake mwenyewe, chumba chembamba chenye viti viwili, ubavuni mwa ofisi ya simu. Wengi wenu mliopo hapa mmekaa kwenye viti vile, kwa hiyo mnajua kilichokuwa kikifuata. Akishamaliza kukunyoa alishika kioo nyuma ya kichwa chako, na hakukiondoa mpaka utazame. Aliona ajabu kwamba mtu anaweza kuishi miaka yote bila kukijua kisogo chake, na kwamba Mungu amekichonga kwa uangalifu uleule aliouweka usoni. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Kisogo. Afisa mmoja wa polisi alimwambia, "Mzee, nimekuja kunyolewa, sikuja kuhubiriwa." Baba akamjibu, "Sijahubiri, afande. Nimesema una kisogo kizuri." Afande huyo aliendelea kunyolewa pale hadi alipostaafu, na leo yupo nasi.

Mama alikuwa opereta katika ofisi ile ya simu. Walijuana alipokuja kulalamika kwamba nywele za wateja zinapeperuka hadi kwenye korido yao. Baba alimwomba radhi, kisha akaongeza, "Lakini dada, ungeziona zinavyozunguka kwenye mwanga wa mlango kabla hazijafika kwenu." Mama aliondoka amenuna. Kesho yake akarudi, eti kuhakikisha kama pamefagiliwa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Juni 1976, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Mwezi wa tisa mwaka 1985, kaka yetu mkubwa alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akafariki akiwa na miaka minane. Baba aliendelea kufungua saluni, kwa sababu hakujua pa kwenda, lakini alinyoa bila kusema neno, na kile kioo cha nyuma akakifungia kwenye droo. Mama aliacha kwenda kanisani. Mjomba wetu, ambaye ni mchungaji, alikuja akazungumza nao kwa upole sana. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akakaa.

Mwaka uliofuata, mwanamke mmoja alimleta mwanawe mdogo anyolewe kwa mara ya kwanza. Baba alipokiinamisha kile kichwa, aliona shingoni kishimo kama kile alichokuwa nacho kaka, ambacho Baba alikibusu kila alipomaliza kumnyoa. Aliweka mashine mezani, akaenda nyuma ya saluni, akalia hadi yule mwanamke akamfuata kumuuliza kama anaumwa. Kisha akarudi, akamnyoa mtoto taratibu mpaka akamaliza.

Jioni ile alimwambia Mama, "Leo nimeiona shingo ya mwanetu. Mungu bado anazitengeneza."

Mama akasema, "Mimi sitaki nyingine. Nilitaka ile."

"Hata mimi," Baba akajibu.

Hakumwambia arudi kanisani, wala hakumsomea aya. Alichofanya, kuanzia siku ile, ni kumletea kila jioni kitu kimoja alichokiona siku hiyo. Mvuke wa taulo ulivyopanda mlangoni asubuhi ya baridi. Mzee aliyesinzia kitini huku mkewe amemshikia kofia yake kifuani, kama mtu aliyebeba yai. Fundi baiskeli wa jirani, ambaye hupiga mluzi pale tu tairi linapokubali kujaa. Mama alikuwa akimenya viazi na kumjibu, "Sijakuuliza." Baba alisema, "Najua," akaenda kunawa.

Hayo yaliendelea zaidi ya mwaka. Kisha jioni moja alirudi amechoka, akapita moja kwa moja akajilaza kwenye kochi. Mimi, binti yake wa pili kuzaliwa, nilikuwa mezani nafanya hesabu za shule. Mama alisimama mlangoni mwa jiko, kisu mkononi, akauliza, "Na leo je? Leo hujaona kitu?"

Baba aliinuka akaketi. Akamtazama Mama pale mlangoni. Halafu akasema, "Nimeona sasa hivi."

Jumapili iliyofuata Mama alivaa viatu vyake vya kanisani. Nasi tukavaa vyetu.

Mwaka 2014 mikono ya Baba ilianza kutetemeka, na madaktari wakamweleza kwamba ugonjwa huo hauponi. Fundi baiskeli alikaa kitini kwa nguvu, akamwambia, "Kata tu, masikio ninayo mawili." Baba alicheka, lakini hakukubali. Alimkabidhi mashine mdogo wetu wa mwisho, na Baba mwenyewe akawa anakaa barazani akiwasifia waliotoka kunyolewa. Hakuwahi kuulaumu mwili wake. Alisema mikono ile imeshika vichwa vya kutosha, iachwe icheze.

Tangu Februari mwaka huu hakuweza tena kutoka kitandani. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, Mama alichemsha maji, akampaka povu kidevuni, akaanza kumnyoa karibu na dirisha. Baba alifumba macho akasema, "Sabuni hii inanukia vizuri, mama watoto. Mungu ni mwema." Mama alimaliza shavu moja, na alipomgeuza uso ili aanze la pili, akakuta ameshaondoka. Alilinyoa na hilo pia, akamfuta kwa taulo, ndipo akatuita.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mmoja, na watu wa mtaa huu aliowajua kwa nyuma kuliko wao wanavyojijua.

Baba, pumzika salama kwa Yule uliyekuwa ukimwona kila siku.