Kopo Nyuma ya Mlango: Maisha ya Mwalimu Christiane Katongo (1966–2025)

Leo, Jumatano tarehe 12 Februari 2025, kabla udongo haujamfunika, msikieni Mwalimu Christiane kwa mara ya mwisho, ingawa kwa sauti ya bintiye Sephora.

Alizaliwa Mitwaba tarehe 14 Machi 1966. Baba yake, Mzee Katongo, alikuwa fundi wa reli hapa Lubumbashi. Mama alikuwa amerudi kwao kujifungua, na watoto walilelewa huko kwanza. Nyuma ya mlango wa babu lilining'inia kopo la bati, la kunyweshea Batwa peke yao, jirani zetu wawindaji wa msituni, kwa sababu watu wetu hawakukubali kuchangia nao kikombe. Akiwa na miaka sita Christiane alilitungua akanywa. Bibi alikuta kopo limelowa, akachukua fimbo. Kaka yake Constantin, wa miaka tisa, akasema, "Ni miye." Akachapwa yeye. Baadaye Christiane alimnong'oneza, akimwita Yaya kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, "Yaya, maji iko tu maji."

Mwaka 1973 familia ilihamia Lubumbashi, katika mtaa wa Kenya. Alisoma kwa masista, na siku za mvua Constantin alimbebea viatu hadi langoni mwa shule visije vikachafuka. Alipata diploma ya ualimu mwaka 1985.

Alifundisha katika mtaa wa Kampemba miaka thelathini na saba. Hakuvumilia neno la kumdharau mtu. Aliyelitamka alisimamishwa palepale, mbele ya darasa zima.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Léonard Musonda. Baba alikuwa ameshafariki, hivyo Constantin ndiye aliyemwingiza kanisani, akilia kuliko mama.

Jumapili ya tarehe 5 Mei 2013, mwanawe Précieux alipokea komunyo ya kwanza, na karamu ikafanyika kwa Constantin. Christiane alimwalika Kisimba, Mtwa, baba wa mwanafunzi wake. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ulipogawiwa, wageni walipewa glasi. Kwa Kisimba, Constantin alifungua mlango, akatoa nyuma yake kopo la bati, kama lile la babu.

Christiane alisimama mbele ya wakwe na padri.

"Yaya, hii ni ubaguzi! Wakati wa ukoloni Baba alikuwa anauziwa nyama ku tundu ya ukuta, bazungu wasimuone mu duka. Na wewe uko sawa nabo!"

"Miye? Miye sawa na muzungu?" Constantin alimwelekezea mlango. "Unanipatisha haya mu nyumba yangu, mbele ya bantu? Toka!"

Kisimba alikuwa amekwisha kunywa. Aliweka kopo chini taratibu. "Mwalimu," alisema, "nilikuwa na kiu tu."

Tangu siku hiyo Constantin hakukanyaga kwa dada yake. Christiane alimpelekea salamu, hazikujibiwa.

Mwaka 2022 figo za Christiane zilianza kushindwa, na akawa mtu wa kusafishwa damu kila wiki. Mlango wa chumba cha wagonjwa ulipofunguka, aliuliza, "Ni Yaya?" Alikuwa Kisimba, mara nyingi. Siku moja Kisimba alimwambia, "Siku ile nilisikia haya sana. Lakini kama haukusema, ningekunywa mu kopo mpaka kufa." Alipotoka, Christiane alimwambia Sephora, "Neno langu lilikuwa kweli. Lakini nililitupa kama jiwe. Mtu akitupiwa jiwe, anakinga uso kwanza." Kisha akageukia ukuta.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake mkononi mwa Léonard.

Jumatatu Constantin alikuja matangani. Alikaa kwenye benchi karibu na Kisimba, akachukua glasi aliyonywea Kisimba, akamalizia maji yaliyobaki. Ndipo alipozungumza, akitazama chini.

"Ile kopo nilitupa mu mwezi ule ule tuligombana. Kila siku nilisema: kesho nitaenda kumuambia. Alinishinda, na sikutaka ajue kama alinishinda."

Léonard alimwekea mkono begani.

Marehemu anaacha mume, Léonard Musonda, watoto watatu, Sephora, Daniella na Précieux, wajukuu wanne, na kaka mmoja, Constantin, aliyeomba mstari huu wa mwisho uandikwe kwa ajili yake:

Mdogo wangu, kopo haiko tena. Lala na amani.