Walivyombeba Worku

Mjini Dessie, kwenye benchi la Emebet muuza kahawa, mkabala na mahakama mpya, asubuhi hiyo walikaa wanaume watatu. Juzi walikuwa wamembeba rafiki yao Worku, fundi viatu, yeye na kiti chake cha magurudumu, wampandishe ngazi za mahakama hiyo akasikilizwe kesi ya kibanda chake. Katikati ya ngazi kiti kikawaponyoka. Jana walimzika. Beyene, aliyeshika gurudumu la kushoto, hakuwa amegusa kahawa yake.

— Ni marumaru, alisema Tilahun, waliyemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kukoroga zege. Ngazi za nje unazitandika marumaru kama bafu! Ikinyesha, hata mbuzi anateleza.

— Na ule mteremko wa viti vya magurudumu? aliuliza Emebet, akipuliza makaa.

— Ule? Umesimama kama paa. Na pale chini hakimu anaegesha gari.

— Nyie hamjui kitu, alidakia mwenzao wa tatu, Redio, ambaye hata msibani hazimiki. Mchoro wa jengo hili ulikuwa wa ghala. Ndiyo maana hawakumfikiria binadamu.

— Ghala gani lina ngazi, wewe? alihoji Injinia.

— La Ulaya! Kule mizigo inapanda yenyewe.

— Acha uzushi. Wamelipandisha jengo juu makusudi, mwenye kesi afike hoi, asibishe.

— Basi sema wanataka tuishie ngazini, kesi zipungue!

Redio alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Beyene alikuwa bado anausikia mpira wa gurudumu ukimchomoka vidoleni.

Hapo akaja mwanamke aliyejitanda shuka jeupe, miguu imejaa vumbi la safari. Alikuwa Yeshi, dada wa marehemu. Basi lilimchelewesha, mazishi yakampita. Wote wakasimama.

— Mungu awape nguvu, kaka zangu. Nimeambiwa ninyi ndio mlikuwa naye.

— Sisi, dada, alijibu Injinia. Tulimbeba kama ndugu yetu wa damu.

— Aliwaomba mmbebe?

Injinia akageukia kule kwenye ngazi. Redio akainama kukoroga kahawa yake.

Beyene alimwona tena Worku akiwasukuma mikono: “Niacheni hapa hapa chini. Hakimu ana miguu, ashuke yeye.” Nao wakacheka, wakamwambia aache ukaidi, wakainama, wakanyanyua.

Yeshi alikuwa bado amesimama mbele yao, akingoja.