Mkamilifu, Mtu Mzima

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Haya nimeyaandika mara saba na bado naona makosa, lakini nimeamua kuyasoma hivyo hivyo.

Wengi mnanijua kwa sare za shule ninazoshona pale Kimbo. Msichojua ni kwamba kwa miaka miwili sikugusa Meza ya Bwana. Sahani ya mkate ilipokaribia safu yetu, nilitoka kana kwamba nimepigiwa simu, nikajificha karibu na choo hadi wimbo wa mwisho. Shosho wangu, nyanya aliyenilea kule Ngoingwa, aliniwekea nafasi kwa mkoba wake na hakuniuliza kitu. Hilo liliniumiza kuliko kuulizwa.

Sababu ilikuwa mstari mmoja wa Mathayo, pale Yesu anapotuambia tuwe wakamilifu kama Baba wa mbinguni. Mimi ni mtu wa kufumua. Ukosi ukipinda kidogo tu, hata kama mama wa mtoto hataona, naufumua na kuanza upya. Nilidhani Mungu naye ananiangalia hivyo. Nilitubu asubuhi, nikaishuku toba yenyewe, nikatubu kwa kutubu vibaya. Ndugu zangu, niliogopa kwamba nikiula ule mkate nilivyo, nitajilia hukumu. Niliogopa pia kwamba nisipoula, siku moja sitautamani tena.

Kwa hiyo nikaanza kujifunza Kigiriki kwa simu, bila mwalimu. Sikutafuta faraja. Nilitaka kujua neno lenyewe linadai kiasi gani, ili nisikosee. Neno ni teleios. Programu ilinionyesha kila mahali linapotokea, nikafika Waebrania, panapozungumzwa maziwa ya watoto na chakula kigumu. Neno ni lile lile, lakini hapo Biblia yetu haisemi wakamilifu. Inasema watu wazima.

Nilisoma tena na tena. Kisha nikaogopa zaidi, maana labda nilikuwa natafuta kisingizio.

Jumamosi moja, kesho yake ikiwa siku ya Meza, nilikuwa kwa shosho tukichuma terere, ile mboga ya mchicha, nyuma ya nyumba. Nikawa nasoma kwenye simu na kulirudia lile neno kwa sauti: teleios, teleios.

"Terere?" shosho akasema. "Wewe Nyambura, unatafuta terere kwa simu na ndiyo hiyo umekanyaga?"

Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikaendelea kulia tu. Nikamweleza yote, mstari, choo, miaka miwili. Yeye aliendelea kuchuma.

"Kwa hivyo hilo neno ni mtu mkubwa," akasema.

"Mtu aliyekomaa, shosho. Aliyefika pale alipokusudiwa kufika."

"Wewe ulichelewa kutembea. Watoto wa majirani wanakimbia, wewe unajiburuta na makalio kwa hii shamba. Unafikiri nilikuwa nakuona umeharibika?"

"Sijui."

"Na ningekurudisha wapi? Nilikupa uji, nikangoja. Kesho ukiletewa chakula, kaa ule. Mtu hakui kwanza ndiyo ale."

Ndugu zangu, sisemi dhambi ni kitu kidogo, wala kwamba lile neno limelegea. Bado linaniita mbali kuliko nilipo. Lakini anayeniita ni Baba, na hakuna baba anayemfumua mtoto wake kila jioni.

Jumapili ile sahani ilipokaribia, miguu ilitaka kuondoka. Nilikaa. Nilikula. Kikombe kilipokuja mkono ulitetemeka, nusu ikamwagikia sketi yangu, nami nikanywa iliyobaki. Nikangoja hukumu inishukie. Shosho akanipa leso nipanguse, wimbo ukaanza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili niliuimba nikiwa ndani ya kanisa.

Namshukuru Mungu aliyenilisha kabla sijakomaa. Sitawadanganya, hofu haijaisha. Wiki jana nilitubia jambo moja mara tatu. Siku hizi naja mezani nikiwa nayo.

Na wewe unayehesabu safu zilizobaki kabla sahani haijakufikia, usingoje kwanza utulie. Mwamini Baba aliyekuandalia, ubaki umeketi. Mkono ukitetemeka, pokea hivyo hivyo.