Fundi Shaame Jecha na Pampu ya Jadida

Sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Marehemu Fundi Shaame bin Jecha, tunayemsomea hitima leo, alizaliwa Kengeja mwaka 1911, mtoto wa mwisho wa Mzee Jecha bin Matano na Bi Time. Alihitimu msahafu akiwa na miaka kumi na mmoja. Skuli alikwenda miaka miwili tu, kwani alishinda akifungua kufuli la mwalimu kutazama ndani mna nini.

Mwaka 1930 alihamia Wete, akajifunza ufundi wa injini. Mwaka 1938 alimuoa Bi Mwatum binti Silima wa Mgogoni. Walikaa kwa masikilizano miaka ishirini, mpaka ilipoingia pampu.

Pampu hiyo ilikuwa mtaa wa Jadida, hapo hapo Wete, kwa Mzungu mmoja aliyefungiwa boila ya kupasha maji nyumba nzima. Kwa nini mtu apashe maji katika joto la Pemba, marehemu hakupata jibu hadi anakufa. Pampu ilisukuma maji ya kisima yaingie kwenye boila, na mwaka 1958 ikaanza kuvuja. Marehemu akaitwa, akakaza nati. Mvujo ukakoma, lakini pampu ikaungua. Akabadilisha kamba ya katani inayoziba penye mhimili, akakaza zaidi. Ikaungua tena. Alichanganyikiwa hata akawa hali akashiba.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala alikwenda Jadida, akarudi magharibi kanzu imerowa. Akiulizwa, jibu lilikuwa moja: "Pampu." Majirani wakanong'ona kwamba pampu isiyopona mwaka mzima huenda ina jina la mwanamke. Bi Mwatum akaamini. Mfunguo mosi, mara baada ya Ramadhani ya mwaka 1959, alifunga mzigo wake, akaenda Mgogoni kwa kaka yake, Khatib, kudai talaka.

"Talaka haiozi," Khatib alimwambia. "Twende tukatizame kwanza."

Walimkuta marehemu Jadida, peke yake katika banda la nyuma ya nyumba ya Mzungu, amechutama mbele ya pampu. Alikuwa akisoma Kulhuwallahu polepole, na kwa kila tone lililodondoka akisukuma punje moja ya tasbihi.

"Mbovu?" Bi Mwatum aliuliza.

"Nzima."

"Mbona yavuja?"

"Ndo uzima wake. Kitone hiki ndo chapoza chuma. N'kiikaza, yaungua. N'kiilegeza mno, yamwaga. Kila wiki yataka kushikwa kidogo, mpaka Kulhuwallahu moja ipate vitone vitatu."

"Na mwaka wote huno hukun'ambia?"

"N'lisema pampu."

Bi Mwatum alirudi kwake siku ile ile, hajui acheke au alie.

Januari mwaka huu wa 1962 marehemu alianza kuugua kifua. Alifariki Ijumaa, tarehe 20 Aprili, alasiri, saa zake za kuwa Jadida. Ameacha mjane, Bi Mwatum. Watoto wawili, Mgeni na Soud. Na dada yake, Bi Mwanamize.

Jana mtumishi wa nyumba ile alikuja kutoa pole. Alisema fundi mwingine ameikaza pampu, haivuji tena, lakini imegoma kuzunguka. Bi Mwatum, aliye edani, alimjibu nyuma ya pazia:

"Mwambieni ailegeze. Kulhuwallahu moja, vitone vitatu. Mie sifahamu mpaka leo, lakini mume wangu ndivyo alivyokuwa akifanya."

Kisha akaomba aletewe tasbihi ya marehemu, akalia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Mola amfanyie wasaa kaburini mwake, ampe raha isiyotaka kukazwa wala kulegezwa. Amin.