Kabla Hamjampeleka, Muulizeni

Zimeni hiyo redio, wanangu, vuteni viti karibu na kitanda, na wewe mkubwa wao acha kuangalia saa, maana lori lako halitaota mizizi hapo nje kwa nusu saa. Ninayosema leo sitayarudia, pumzi yenyewe imekuwa ya kuokoteza.

Jana mlikaa jikoni mkidhani nimelala. Mwili ndio uliolala, masikio bado yako kazini. Niliwasikia mkimgawa mjukuu wangu, binti wa ndugu yenu marehemu, kama watu wanaogawana masufuria: mkubwa atamchukua kwa kuwa mkewe kajifungua mapacha na anahitaji mikono, kitinda mimba, msomi wetu mwenye digrii na suruali ya usaili iliyopauka kwa kufuliwa, akasema yeye hana kwake kwa hiyo hana neno, dada yenu muuguzi ndiye peke yake aliyeuliza, "Mwenyewe amesemaje?" Mkamcheka. Mtoto wa miaka kumi na moja aseme nini.

Basi sikieni habari za huyo dada yenu mliyemcheka.

Miaka ishirini na sita nilikuwa mpiga taipu wizarani. Sheria ya watoto ilipita mikononi mwangu, drafti juu ya drafti, wakubwa wakirudi kutoka semina za hotelini na mastekiholda wao, ndio wadau hao, wamebadili neno moja, nami naanza ukurasa upya. Walibishana siku tatu juu ya koma, na nje ya geti lao mtoto anauza karanga saa za shule, wananunua, wanapita. Lakini nisiwaseme wao, nyani haoni kundule. Mimi niliyechapa "mtoto asikilizwe katika jambo linalomhusu" mpaka vidole vikakariri, nyumbani kwangu nilikuwa polisi, hakimu na magereza.

Karatasi zilizoharibika nilizileta mfanyie hesabu upande mweupe. Kumbe kuna mmoja alikuwa akizigeuza na kusoma.

Dada yenu alipotimiza miaka kumi na miwili, nilikubaliana na shangazi yenu aende kwake kumlelea mtoto, mwaka mmoja tu, shule ingengoja. Begi likafungwa. Wifi yangu ameshasimama mlangoni, binti akaja na karatasi iliyojaa hesabu za kugawanya, akaigeuza juu ya meza.

"Mama, hii umeandika wewe?"

"Nimechapa, sikuandika."

"Sasa ni ya watoto wa nani?"

Shangazi yenu akasema, "Wifi, mdomo wa huyu hauna mlango." Nami, ili nisionekane nimeshindwa na mtoto, nikamzaba kofi. Hakulia wala hakukimbia. Aliinyoosha ile karatasi kwa kiganja, akauliza tena kwa adabu ileile, "Ni ya watoto wa nani, mama?" Wanangu, nimewachapia mawaziri wanne hotuba zao, sijamwona aliyesimama wima namna ile. Nililifungua begi kwa mikono yangu. Shangazi yenu aliondoka bila kuaga na hajakanyaga hapa hadi leo. Mkishanizika, nendeni mkamwambie kosa lilikuwa langu, nilimwahidi kisichokuwa changu kukitoa.

Na bado sikukoma. Mwezi uliopita, mkubwa, uliponiletea dawa, nilikwambia, "Mchukue mtoto," na yeye yuko uani anaosha vyombo, sikumwita hata kumwambia. Kwa hiyo lawama si yako peke yako, na ahadi hiyo naivunja leo mbele ya ndugu zako. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na atakayelala huko ni yeye.

Nyumba hii ni mafungu manne sawasawa. Fungu la marehemu ni la binti yake, dada yenu alishike mpaka mtoto awe mtu mzima, na atakayemlea asidhani kuta zinamfuata mtoto kama mkia. Mashine yangu ya taipu mpeni kitinda mimba. Haina kazi, naye hana kazi, watafarijiana. Usinune, baba. Hasira yako ina haki, ila jana ulipaswa kuitumia kumtetea aliye mdogo kuliko wewe, ukasema huna neno.

Muulizeni mtoto akiwa ameshiba, bila kumkodolea macho. Akisema hajui, mngojeeni. Akitaka msiloliweza, mwelezeni sababu kama mnavyomweleza mtu, maana ni mtu.

Mungu awape nyumba ambazo mtoto akikohoa kuna anayegeuka. Awape watoto wa kuwauliza maswali magumu, na awape... ngojeni kidogo. Maji, hapana, acheni. Awape uso wa kuwatazama mnapowajibu. Niliyowakosea nisameheni, nami nimewasamehe nyote.

Yuko pale mlangoni, nauona mguu wake chini ya pazia. Njoo, mama. Panda hapa kitandani, nishike mkono, huo huo. Hakuna wa kukugombeza, bado nipo. Bibi anaondoka... unataka kukaa kwa nani? Usimtazame baba mkubwa, nitazame mimi. Taratibu tu.

Nyamaza, mkubwa. Mtoto anasema.