Mama Schékinah, Mpiga Solo wa Kwaya Yetu: Cibalonza Benita, 1976–2025

Cibalonza Benita, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Schékinah, alizaliwa Uvira, Kivu Kusini, tarehe 14 Mei 1976. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Lukeba, fundi wa redio, na Mama Mariyamu, ambaye yuko nasi hapa leo.

Alisoma hukohuko Uvira mpaka vita vya 1996 vilipofunga darasa lake la mwisho. Diploma hakuipata. Gitaa alilofundishwa na baba yake nyumbani halikumtoka mkononi.

Mwaka 2004 alivuka Ziwa Tanganyika akafika Rumonge, hapa Burundi. Siku za kazi aliuza sokoni mawese kutoka Kizuka. Jumapili alipiga solo ya gitaa katika kwaya ya kanisa letu. Shida ni kwamba solo hiyo haikusikika, kwa sababu ngoma na waimbaji waliifunika. Clever, fundi wetu wa mitambo ya sauti, alimwambia, “Dada, ongeza tu sauti ya ampli.”

Akajibu, “Nikiongeza, nitafunika waimbaji wimbo muzima. Mimi ninataka solo itoke mbele, halafu irudi.”

Akaagiza kutoka Bujumbura pedali ya kuongeza nguvu, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachosukuma sauti ya gitaa. Mwanzoni aliiunganisha kabla ya pedali yake nyingine, ile ya kukwaruza sauti, na gitaa likanguruma kama mashine ya kusaga mihogo. Watu walicheka. Yeye aliihamishia nyuma ya ile nyingine, akapunguza besi, akajaribu tena na tena, hadi solo ikatoka safi juu ya kwaya.

Katika majuma yale ya kunguruma, jirani mmoja alikuja kanisani kulalamika. Alikuwa Melkiades, mwalimu aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania. Mwenyewe husema, “Nilikuja kuomba wapunguze kelele, nikaishia kupeleka posa.” Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 2009.

Februari 2022 alipatwa na kiharusi, mkono wa kuume ukalegea. Mchungaji alimwendea kwa upole: “Mama Schékinah, umetumika sana. Pumzika.”

“Pasta, mukono ndio umepungua. Masikio iko.”

Kwa kuwa hakuweza tena kupiga nyuzi kwa nguvu, alizigusa kwa kidole gumba tu, akaiacha pedali ibebe kilichobaki. Sauti ilipanda, na mvumo wa mitambo ukapanda nayo. Akakaa na Clever kuupunguza kidogo kidogo. Pasaka ya 2023 alirudi mbele ya kwaya, safari hii akiwa amekaa kitini.

Jumapili tarehe 25 Mei mwaka huu, betri ya pedali iliisha katikati ya wimbo. Sauti ya gitaa ikawa ndogo mno. Clever aliinuka kutafuta nyingine. Mama akatikisa kichwa, akaendelea kupiga. Ndipo Amuri, mpiga ngoma wetu, akaweka chini vijiti vyake, waimbaji wakashusha sauti mmoja baada ya mwingine, kanisa zima likamsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza alitutazama, akasema, “Kumbe mulikuwa munaweza kunyamaza!”

Siku chache baadaye alipatwa na kiharusi cha pili. Alifariki hospitalini, Rumonge, tarehe 3 Juni 2025, na leo tunamlaza kaburini huko Gatete.

Ameacha mama mzazi, mume wake Melkiades, binti yake Schékinah, mwanawe Olivier, nami mdogo wake Mardochée ninayewasomea haya. Murakoze, asanteni kwa kuja kumsindikiza.

Alale kwa amani mikononi mwa Bwana aliyemtumikia.